Mkono wa Mwisho

Mafundi wa magari wana kanuni moja ambayo wengi wao hawakuisoma kitabuni, bali waliipokea kwa mdomo kutoka kwa waliowatangulia: gari likiguswa, kisha likakataa kuwaka, ila yake itafutwe kwanza pale lilipoguswa mwisho. Kwa mtazamo wa juu juu hii ni kanuni ya spana na bisibisi. Mwenye kuizingatia, hata hivyo, ataona kuwa ni kanuni ya maadili iliyovaa nguo za kazi, kwa sababu inamtaka mtu aanze kwa kumshuku yule ambaye nafsi haipendi kabisa kumshuku, naye ni yeye mwenyewe.

Katika kanuni hiyo mna suali ambalo halijibiki kwa urahisi. Fundi akikosea, akaligundua kosa lake, akalirekebisha kabla halijamdhuru mtu, na gari likawaka na kwenda kama lilivyotakiwa, je, bado ana deni la kusema? Au deni hilo limelipwa na injini yenyewe ilipokubali kunguruma?

Chukulia gereji ndogo katika kisiwa kimojawapo cha pwani hii, yenye paa la mabati na sakafu iliyokwisha kunywa oili ya miaka mingi. Ndani yake limo gari aina ya Morris Minor, la mwaka 1959. Wazee wa miji ya pwani wanalikumbuka umbo lake la mviringo, mfano wa kobe mpole, na mikono yake midogo iliyokuwa ikichomoza ubavuni kuonesha upande gari linakokata. Lilisanifiwa na Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo huitwa Izmir, nchini Uturuki. Lilioneshwa hadharani mara ya kwanza mjini London mwaka 1948, na hadi lilipoachwa kuundwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametoka magari zaidi ya milioni moja na laki sita ya ukoo huo.

Injini ya gari la mwaka 1959 ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 948. Haina kompyuta wala kifaa chochote kilichofungwa kwa siri ya kiwanda. Karibu kila linalotendeka ndani yake laweza kuonekana kwa jicho, kusikiwa kwa sikio au kuhisiwa kwa kidole. Kwa hiyo kosa la injini kama hiyo linapokawia kuonekana, sababu aghalabu haimo katika chuma. Imo katika mtu anayelitafuta.

Gari la mfano huu ni la urithi. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa skuli, akafariki na kuliacha chini ya mwembe, na bintiye akaona uchungu kuliona likiliwa na kutu. Fundi aliyekabidhiwa amana hiyo alilifungua lote, akakata mabati yaliyooza na kuchomea mengine, akaifua injini na kuirudisha kipande kwa kipande, akalipiga rangi ya kijani kibichi iliyong'ara hata mtu akajiona ndani yake. Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Aliyemsaidia ni mwanagenzi mmoja, kijana mtulivu, aliyekuwa akijifunza kazi huku akiangalia mikono ya mkubwa wake kuliko alivyosikiliza maneno yake.

Siku ya kuliwasha ilipofika, majirani walikuja bila ya kualikwa, na binti wa marehemu akaja na sinia ya halua na birika la kahawa. Swichi ikafunguliwa, kitufe cha stata kikavutwa. Stata haikuzunguka, na taa ndogo ya dashibodi ikazimika papo hapo.

Kosa hilo la kwanza halikukawia kujulikana. Umeme wa gari hutoka katika betri kwa waya na kurudi kwa kupitia bodi yenyewe; na katika gari hili, kinyume na ilivyo katika magari ya leo, ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa katika bodi. Waya wake ulikuwa umefungwa barabara, lakini ulifungwa juu ya rangi. Ile rangi iliyosifiwa na kila mpita njia ndiyo iliyosimama kati ya shaba na chuma na kuuzuia umeme usirudi kwao. Fundi akakwangua pahala padogo mfano wa shilingi, akaufunga waya upya, na stata ikazunguka. Watu wakacheka, naye akacheka nao. "Nimeipaka rangi hata njia ya umeme," akasema. Kosa dogo lina bahati yake: mwenyewe hulikiri akicheka.

Kosa la pili halikuwa na bahati hiyo. Injini ilizunguka lakini haikuwaka. Mara moja moja ilikohoa, moto ukarudi nyuma kupitia kabureta kwa mlio kama wa kofi, kisha ikaendelea kuzunguka bila ya uhai. Fundi akaishuku kondensa, yaani kile kijidude kidogo kinachokaa ndani ya distributa, kinachozizuia kontakti zisiungue na kuisaidia koili itoe cheche kali. Shaka hiyo haikuwa ya ovyo, kwani wenye magari ya kale hulalamika mara kwa mara juu ya kondensa za siku hizi. Mwenye duka akapelekewa habari kwamba ameuza kitu kibovu. Ikaletwa kondensa nyengine, na hali ikabaki ile ile. Ndipo jicho la fundi lilipomgeukia kijana, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga nyaya za plagi.

"Umezifunga kwa mpangilio gani?"

"Moja, tatu, nne, mbili, Fundi. Kama ulivyonifunza."

"Hebu tazama tena."

Kijana akatazama mara tatu, na mara zote tatu nyaya zilikuwa sahihi. Lakini mwenye kushukiwa mara tatu mbele ya watu huanza kujishuku hata kwa lile analolijua.

Kahawa ilikwisha na majirani wakatawanyika. Fundi akaacha kubahatisha na akarudi katika elimu yake. Waswahili husema jifya moja haliinjiki chungu. Injini ya petroli nayo ina mafiga yake matatu: la kwanza ni mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa kadiri yake; la pili ni mgandamizo wa mchanganyiko huo ndani ya silinda; la tatu ni cheche, na si cheche tu, bali cheche iliyokuja kwa wakati wake. Chungu kikipinduka, mwenye busara hakipigi teke, huinama akatazama ni figa lipi lililohama.

Akayatazama moja baada ya moja. Pampu ya mafuta ya gari hilo ni ya umeme. Swichi ikifunguliwa husikika ikigonga tik, tik, tik, kisha hunyamaza bakuli la kabureta linapojaa. Iligonga na ikanyamaza. Figa la kwanza lipo. Akazichomoa plagi, akailaza moja juu ya chuma, na stata ilipovutwa ikaruka cheche ya buluu. Cheche nayo ipo. Akaziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba na kumwambia kijana aizungushe injini polepole kwa hendeli ya mkono. Hewa ikakisukuma kidole kwa nguvu. Mgandamizo upo. Mafiga yote matatu yapo na chungu hakikai. Kilichobaki kuulizwa ni kimoja tu, nacho ni wakati.

Akamsimamisha kijana pale pale ambapo hewa ilikisukuma kidole na alama ya kapi ya mbele ikalingana na kielekezi chake, ndiyo kusema pistoni ya kwanza imefika juu, tayari kuwashiwa. Akakifungua kifuniko cha distributa. Rota, yaani ule mkono mdogo unaozunguka na kuugawa umeme kwa kila plagi, ilipaswa kuuelekea waya wa silinda ya kwanza. Ilikuwa imeupa mgongo. Iliuelekea wa nne.

Ili ukubwa wa jambo hili ufahamike, ni lazima msomaji aelewe siri moja ya injini ya mapigo manne, mfumo ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876. Katika kila duru ya kazi, pistoni hupanda juu mara mbili. Mara moja hupanda ikiukandamiza mchanganyiko ili uwashwe. Mara nyengine hupanda ikiusukuma nje moshi wa kilichokwisha kuungua. Kwa mwenye kutazama kapi na alama zake, mara hizo mbili hazina tofauti hata chembe: alama ni ile ile, pahala ni pale pale. Tofauti imo ndani. Cheche ikija mara ya kwanza huleta uhai, na ikija mara ya pili huwasha moshi, au huukuta mlango wa hewa umeanza kufunguka na kuurudisha moto nyuma kwa kikohozi. Na kwa kuwa distributa huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya mhimili mkuu wa injini, kosa la mzunguko mzima huko chini huonekana huku juu kuwa kosa la nusu mzunguko. Ndiyo maana rota ilitoa mgongo.

Walioiunda injini hiyo walijitahidi kuliziba pengo hilo. Distributa huendeshwa na mhimili mdogo wenye meno, na kichwani mwa mhimili huo mna mfuo uliochongwa kando kidogo ya kitovu, ili distributa isikubali kuingia ila kwa upande mmoja. Ni kinga nzuri, lakini humlinda mtu anapoitia distributa. Haimlindi anapoutia mhimili wenyewe. Mhimili ukitiwa kinyume, ile kinga hugeuka kuwa shahidi wa uongo, na kila kinachofuata juu yake hukaa vibaya kwa uthabiti ule ule ambao kingekaa vizuri.

Nani aliutia mhimili? Hapo fundi alinyamaza, kwa sababu alikumbuka. Ilikuwa jioni moja umeme ulipokatika. Kijana alikwenda kusali Maghribi, naye akasema ataimaliza kazi hiyo ndogo kwa mwanga wa kurunzi. Aliziona alama zimelingana, akatosheka. Hakutia kidole katika tundu kuuliza kama ni mara ya kwanza au ya pili. Hakuna aliyekuwapo. Mwiba wa kujichoma, wasemavyo wahenga, hauambiwi pole; na huu alijichoma mwenyewe, gizani, bila ya shahidi.

Suali la mwanzo linarudi hapa, na sasa lina uzito wake kamili, kwa sababu kosa hilo lina tiba mbili. Ya kwanza ni kuzihamisha nyaya juu ya kifuniko: wa kwanza ukae pa wa nne na wa nne pa wa kwanza, wa pili ukae pa wa tatu na wa tatu pa wa pili. Ni kazi ya dakika moja, ambayo mtu aweza kuifanya akiwa amewapa watu mgongo, na injini itawaka bila ya ila. Ya pili ni kuitoa distributa, kutia boliti ndefu katika kichwa cha mhimili, kuuvuta nje, kuuzungusha nusu duru na kuurudisha pahala pake. Hiyo nayo si kazi kubwa. Ina uzito mmoja tu, kwamba haifanyiki kwa siri. Kijana ataona, na akiona atauliza.

Mwenye kuitetea tiba ya kwanza ana hoja, na si haki kuidharau. Katika maadili ya watu wa pwani, sitara ni neno lenye heshima kubwa. Mtu huombewa sitara akiwa hai, na akifa husitiriwa. Mwenye kuifichua aibu ya mwenziwe hulaumiwa kuliko mwenye aibu, na mwenye kuitangaza yake mwenyewe huonekana amekosa haya. Kwa nini basi fundi alazimike kuianika aibu yake, ilhali gari limewaka, mwenye gari ameridhika na hapana aliyeumia? Je, kunyamaza si adabu?

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zake zote lau fundi angelikuwa peke yake gerejini tangu mwanzo: hapana aliyeshukiwa, hapana aliyetumiwa lawama, na mhimili umetolewa na kurudishwa kama upasavyo. Hapo kosa lingelikuwa ni jambo baina yake na Mola wake, na kulisitiri kungelikuwa sitara ya kweli. Lakini kabla ya kulifunika kosa ni wajibu kuuliza suali moja: likiondoka hapa machoni, linakwenda kukaa wapi? Kwani lawama iliyokwisha kutolewa haipotei kwa kufunikwa asili yake. Hutafuta pa kukaa, na ikikosa kukaa juu ya mwenyewe, hukaa juu ya mwengine.

Katika mfano huu ina pa kukaa patatu. Kwanza, juu ya mwenye duka, ambaye kondensa yake ilikuwa nzima na ambaye kesho ataambiwa na wengine kuwa huuza vitu vibovu, kwani habari mbaya haihitaji nauli. Pili, juu ya kijana. Nyaya zikihamishwa kimya kimya na injini ikawaka, atakalojifunza ni kwamba mpangilio alioufunga ulikuwa batili. Ataiacha elimu ya kweli aliyokuwa nayo na kushika ya uongo, na atabaki akiamini kuwa fedheha ya siku ile ilikuwa stahiki yake. Tatu, juu ya mtu ambaye bado hajulikani: fundi wa miaka kumi ijayo, atakayekifungua kifuniko kile kubadilisha nyaya, azifunge kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kisha akae siku nzima akijiuliza amekosea wapi, ilhali hakukosea.

Basi tofauti ya sitara na usingiziaji haimo katika kunyamaza kwenyewe. Wote wawili hunyamaza. Sitara humvika mtu nguo yake. Usingiziaji humvua mwengine ya kwake. Mwenye kusitiri aibu iliyoishia kwake ametumia haki yake, na mwenye kuisitiri kwa kuiacha itambae hadi kwa asiyehusika amemlipisha mtu deni asilolikopa, hata kama hakutamka neno moja la uongo. Ubaya wa uongo wa aina hii ni kwamba hauna maneno ya kukanushika. Umeandikwa kwa nyaya nne, na kila mwenye kuutazama huona injini inayofanya kazi.

Wapenzi wa tungo wana mfano wa karibu zaidi. Tenzi nyingi za kale za pwani zimefika zilipo kwa mikono ya wanakili, waliozinukuu kwa hati za Kiarabu, ambazo ndani yake nukta moja ikihama kutoka chini ya herufi kwenda juu yake, ba hugeuka nuni na neno likawa jengine. Mnakili aliyekosea nukta alikuwa na njia mbili. Aliweza kulikata neno na kuliandika upya, na ukurasa ukabaki na doa. Au aliweza kuuacha ukurasa ukiwa safi, kisha akaubadilisha mshororo unaofuata kidogo, ili maana ilingane na lile neno lililokosewa. Njia ya pili huuhifadhi uzuri: vina vinakaa, mizani inatimia, msomaji anapita bila ya kujikwaa. Lakini mtungaji amesemeshwa asilolisema, na mtafiti wa baadaye atakayeulinganisha ukurasa huo na nakala nyengine atamdhania mnakili mwenye doa kuwa ndiye mzembe na mwenye ukurasa safi kuwa ndiye mwaminifu. Hivyo ndivyo nyaya zinavyohamishwa katika ushairi.

Ipo hoja nyengine, nayo ni ya tumbo. Fundi huishi kwa jina. Mji ni mdogo, na wateja wengi hawapimi kosa kwa mizani ya haki. Husikia tu kuwa fulani alifunga kitu kinyume, na kesho gari zao huzipeleka kwengine. Ni kweli kwamba ukweli hugharimu, na mwandishi yeyote wa maadili anayemwambia fundi kuwa kusema kutamletea wateja zaidi anamdanganya ili afanye jambo jema, na hiyo ni njia mbovu ya kufikia wema. Huenda akapoteza wateja na huenda asipate malipo ya kukiri kwake maisha yake yote. Lakini deni halikomi kuwa deni kwa sababu kulilipa kunauma. Na jina analolihofia si lake peke yake: mwenye duka naye anaishi kwa jina, na kijana ndiyo kwanza analijenga la kwake.

Kwa upande wa pili, kukiri nako kuna maradhi yake. Wako watu ambao hukiri kwa sauti kubwa ili wasifiwe kwa kukiri, wakaligeuza kosa kuwa pambo. Anayesimama katikati ya soko akitangaza alivyoutia mhimili kinyume hajalipa deni la mtu, amejikopesha sifa. Deni la kusema lina mipaka kama yalivyo madeni yote: hulipwa kwa anayedai, kwa kadiri anayodai. Mwenye duka anadai kurudishiwa neno lake, na mwenye gari kujua kilichomo ndani ya gari lake. Deni la kijana ni kubwa kuliko yao, kwa kuwa yeye anadai elimu, na elimu ya ufundi haikamiliki kwa kuoneshwa yaliyofanywa sawa peke yake. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini kwa sharti kwamba aliyepotea aseme alipotea wapi.

Gari lenyewe lina ushahidi wake katika jambo hili, na umo waziwazi juu ya boneti yake. Husimuliwa kwamba kabla Morris Minor halijaanza kuuzwa, Issigonis alilitazama gari la majaribio akaliona ni jembamba mno. Likakatwa katikati kwa urefu, nusu mbili zikasogezwa mbalimbali hadi umbo likaridhisha, na tofauti ikawa inchi 4. Bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa kwa upana wa awali. Kwa hiyo katika magari ya mwanzo zilikatwa na kuungwa kwa kipande cha kati, na kipande hicho kikaonekana. Boneti nayo ikapata mkanda ulioinuka unaopita katikati yake kutoka mbele hadi nyuma. Wengi waliolipenda gari hilo waliudhania mkanda huo kuwa ni nakshi. Ni alama ya sahihisho, iliyoachwa pahala ambapo kila mtu angeiona, na gari halikupungukiwa na hadhi kwa ajili yake.

Basi fundi wa mfano huu afanye nini, jioni ile, mkono wake ukiwa juu ya nyaya nne na kijana akiwa ameinama upande wa pili, ameshika hendeli na hajui kilichoonekana? Jibu halihitaji hotuba. Aitoe distributa. Ampe kijana ile boliti ndefu auvute mhimili kwa mkono wake mwenyewe, na auone mfuo ulivyokaa. Amwambie: "Nyaya zako zilikuwa sawa. Huu niliutia mimi, siku ya giza, na sikutia kidole." Kisha atume mtu dukani, na asubuhi binti wa marehemu atakapokuja amwambie vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, bila ya kuyaongeza wala kuyapunguza.

Binti aweza kukasirika, ana haki. Aweza pia kusema, "Ami, si limewaka?" na kucheka. Hilo ni lake yeye kuamua, na haliwezi kuamuliwa kwa niaba yake na mtu aliyemnyima habari. Kijana atauzungusha mhimili nusu duru, aurudishe, afunge kifuniko, na nyaya zikae moja, tatu, nne, mbili, kama alivyozifunga tangu awali. Na huyo fundi wa miaka kumi ijayo, siku atakapokifungua kifuniko hicho, atakuta kila kitu pahala pake, atafanya kazi yake kwa nusu saa na kwenda zake, bila ya kujua kwamba palikuwa na siku ambapo alikaribia kudhulumiwa.